Nani Alipie Utafiti, na Nani Aulize Swali?

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Kila mwaka, hesabu zikishafungwa na mkaguzi akishatia saini yake, chama cha msingi hukabiliwa na swali lile lile: je, ziada igawanywe yote, au sehemu yake iwekwe kwa kazi ambayo matunda yake hayataonekana msimu huu wala msimu ujao? Wengi hupenda kugawana, na hawana kosa, maana mwanachama ana ada ya shule ya kulipa na paa linalovuja. Lakini liko tukio moja la nchi ya mbali, Marekani, ambamo wakulima, walimu na wafanyakazi wa viwandani walilipwa fedha nyingi kwa sababu ya maji yao kuchafuliwa, nazo fedha hizo zikaelekezwa kwenye kununua ujuzi. Walitaka kujua kama kemikali iliyokuwamo katika maji yao ya kunywa ilikuwa ikiwaletea maradhi, yakiwamo yale ya umetaboli, yaani maradhi yanayotokea mwili unaposhindwa kutumia sukari na mafuta kwa kipimo chake, kama vile kisukari na wingi wa mafuta ya lehemu katika damu. Tukio hilo lastahili kuelezwa mbele ya watu wa ushirika, hasa kwa upande wa fedha, kwa kuwa magazeti na sinema zimekwisha kueleza sana upande wa mahakama.

Mahali penyewe ni bonde la mto Ohio, mpakani mwa majimbo ya West Virginia na Ohio. Karibu na mji wa Parkersburg kipo kiwanda kiitwacho Washington Works, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa mali ya kampuni ya DuPont. Kuanzia mwaka 1951 kiwanda hicho kilitumia kemikali iitwayo PFOA katika kutengeneza Teflon, ile inayopakwa ndani ya vikaango ili chakula kisigande. Mafundi waliiita C8, kwa kuwa molekuli yake ina atomu nane za kaboni. Sifa iliyoifanya ipendwe kiwandani ndiyo hiyo hiyo iliyoifanya iwe mzigo nje ya kiwanda: haiozi. Vijidudu vya udongo haviiozeshi, mto hauiyeyushi ikapotea, na ikiingia katika damu ya mtu hukaa miaka.

Wa kwanza kupiga kelele alikuwa mfugaji, Wilbur Tennant. Ng'ombe wake walikunywa maji ya kijito kilichopita kwenye jalala la kiwanda hicho, wakaanza kukonda na kufa, hata akapoteza zaidi ya 100. Aliwapiga picha za video, akapasua mizoga kwa mikono yake mwenyewe ili atazame viungo vya ndani, akabisha hodi kila ofisi asisikilizwe. Mwaka 1998 alimpigia simu Robert Bilott, mwanasheria wa mjini Cincinnati, ambaye kazi yake mpaka siku hiyo ilikuwa kuzitetea kampuni za kemikali. Kesi ilifunguliwa mwaka 1999, na katika kesi hiyo kampuni ililazimika kutoa majalada yake, kurasa zaidi ya 100,000. Humo ndimo jina la C8 lilimoonekana. Wakati huo huo, mwaka 2000, idara ya maji ya Lubeck iliwapelekea wateja wake barua fupi ya kuwaarifu kwamba maji yao yalikuwa na kemikali hiyo kwa kiasi kidogo. Wengi waliisoma wakaitupa. Joe Kiger, mwalimu wa mazoezi ya viungo, aliisoma mara ya pili, akaanza kuuliza. Mwaka 2001 ikafunguliwa kesi ya pamoja kwa niaba ya watu wote waliokunywa maji ya idara sita za bonde hilo.

Hapa ndipo panapopaswa kutazamwa kwa jicho la mkaguzi. Si kweli kwamba C8 haikuwa imefanyiwa utafiti. Ilikuwa imefanyiwa utafiti kwa miaka 40. Kufikia mwaka 1961 watafiti wa kampuni walikwisha kuona kwamba maini ya wanyama waliolishwa kemikali hiyo yalikua kupita kiasi. Mwaka 1984 watumishi wa kampuni walichota maji ya bomba katika maduka ya vijiji vya jirani, yakapimwa, C8 ikaonekana. Utafiti ulikuwapo, wataalamu wake walikuwa hodari, na vipimo vilikuwa sahihi. Upungufu ulikuwa mahali pengine kabisa: aliyelipa ndiye aliyeuliza swali, ndiye aliyepokea jibu, na ndiye aliyekuwa na ufunguo wa kabati. Katika mwaka 2005 kampuni ilikubali kulipa serikali ya Marekani dola milioni 10.25, pamoja na dola milioni 6.25 za miradi ya mazingira, kwa shutuma za kutotoa taarifa zilizotakiwa na sheria, ingawa haikukiri kosa.

Katibu wa chama anaijua hali hiyo kwa sura nyingine. Muuzaji wa dawa ya mimea huja na karatasi nzuri yenye rangi, na nyuma yake kuna maneno kwamba dawa imejaribiwa ikaonekana salama. Huenda ni kweli. Lakini karatasi haisemi ni nani aliyejaribu, kwa fedha za nani, na kama jaribio lililotoa jibu baya lingechapishwa kwa rangi zile zile.

Mapatano ya kesi ya pamoja yalifikiwa mwaka 2004 na kuidhinishwa na mahakama mwanzoni mwa mwaka 2005. DuPont ilikubali kugharimia mitambo ya kuchuja maji kwa mkaa katika idara zote sita, na kutoa dola milioni 70 kwa manufaa ya wananchi waliohusika. Watu waliojitokeza baadaye walikuwa 69,030. Mtu yeyote anayejua kugawanya ataona kwamba kila mmoja angepata dola 1,000 na ushei, jambo likaisha. Mawakili wa wananchi walilipima hilo wakaliona jibu lake: dola 1,000 zingekwisha kabla ya mwaka kuisha, na hakuna ambaye angejua zaidi ya alivyojua jana. Kwa hiyo fedha zikatengwa kwa kazi moja, ya kupima damu na kuandika historia ya afya ya kila mtu aliyekunywa maji hayo kwa mwaka mmoja au zaidi.

Kazi hiyo hawakukabidhiwa watu wa kutoka mbali. Daktari mmoja wa pale pale, Paul Brooks, na mwenzake Art Maher, aliyekuwa msimamizi wa hospitali, walianzisha shirika dogo la kuiendesha. Wao walifahamu jambo ambalo wataalamu wa vyuo vikuu husahau mara nyingi, kwamba mtu maskini hawezi kuacha kazi ya siku nzima akajaze karatasi na kutolewa damu kwa ajili ya elimu ya wengine. Ikaamuliwa kwamba atakayejibu maswali alipwe dola 150, na atakayetoa damu aongezewe 250. Walikuwapo waliodhani kwamba huo ni ufujaji. Mahudhurio yaliwajibu. Kati ya Agosti 2005 na Agosti 2006 familia nzima nzima zilipanga foleni, babu na wajukuu, na kwa mwaka mmoja bonde la vijiji na miji midogo likawa na kumbukumbu za damu za watu karibu 70,000. Ikihesabiwa kwa kiwango cha juu kabisa, malipo hayo yalifika dola milioni 27.6, na ndiyo yaliyofanya utafiti wote uliofuata uwezekane. Mtu aliye katikati ya kundi hilo alikuwa na nanogramu 28 za C8 katika kila mililita ya utegili wa damu, wakati Mmarekani wa kawaida alikuwa na 4 hivi.

Sasa ni nani atazisoma kumbukumbu hizo? Hapo mapatano yaliweka sharti ambalo lafaa kusomwa polepole. Pande mbili zilizokuwa zikishtakiana zilitakiwa kukubaliana kwa pamoja juu ya wataalamu watatu wa elimu ya kuenea kwa magonjwa. Waliochaguliwa walikuwa Tony Fletcher wa London, pamoja na David Savitz na Kyle Steenland wa vyuo vikuu vya Marekani. Gharama zao zililipwa na DuPont, yaani kampuni ile ile iliyoshtakiwa. Mtu mwenye haraka ataguna asikiapo hayo, na kusema kwamba mtafiti aliyelipwa na mshitakiwa ni mtafiti aliyenunuliwa. Lakini tofauti kati ya utafiti huu na ule wa kabatini ilikuwa kubwa. Kampuni ililipa bila kuwa na uwezo wa kuwafukuza peke yake. Swali liliandikwa katika mapatano kabla damu haijapimwa: je, kwa kila ugonjwa, uhusiano na C8 unaelekea zaidi kuwapo kuliko kutokuwapo? Na majibu yalitakiwa kutangazwa, yawe matamu au machungu.

Tena majibu yalikuwa na nguvu ya kufunga pande zote mbili. Jopo likisema uhusiano upo, DuPont haingeruhusiwa tena kubisha mahakamani kwamba C8 yaweza kuleta ugonjwa huo kwa watu wa kundi hilo, na ingetakiwa kugharimia uchunguzi wa afya yao hadi kufikia dola milioni 235. Jopo likisema uhusiano hauonekani, wananchi wangepoteza haki ya kuishtaki kampuni kwa ugonjwa huo. Kwa maneno mengine, wananchi waliweka rehani haki yao ya kudai, wakaiacha mikononi mwa watu watatu ambao hawakuwajua. Si kila mwanachama wa chama chochote angekubali hilo, na ni vigumu kumlaumu anayekataa.

Ikafuata kungoja. Jopo lilifanya kazi kwa miaka saba. Watu walipopiga simu waliambiwa kwamba hesabu bado zinaendelea. Walionung'unika walikuwa wengi, na walikuwa na haki ya kunung'unika, kwa kuwa wagonjwa hawana miaka saba ya akiba. Wilbur Tennant alifariki mwaka 2009, kabla jopo halijatangaza jibu lolote kati ya majibu yake ya mwisho. Jambo hili lazima lihesabiwe katika gharama za utafiti, ijapokuwa halina safu yake katika daftari la hesabu.

Majibu yalianza kutoka mwishoni mwa mwaka 2011 yakamalizika Oktoba 2012. Magonjwa yaliyochunguzwa yalikuwa zaidi ya 50. Sita yalionekana kuwa na uhusiano: shinikizo la damu la wakati wa ujauzito, saratani ya figo, saratani ya korodani, ugonjwa wa tezi ya thairoidi, vidonda vya utumbo mpana, na kuzidi kwa lehemu katika damu.

Hilo la lehemu ndilo lililohitaji uvumilivu mkubwa kuliko yote. Hesabu za watu wazima 46,294, zilizochapishwa mwaka 2009, zilionyesha kwamba lehemu ilipanda ngazi kwa ngazi kadiri C8 ilivyopanda, na kati ya fungu la kumi la watu wenye C8 kidogo kabisa na fungu la kumi la wenye nyingi kabisa palikuwa na tofauti ya miligramu 11 hivi kwa kila desilita. Kwa mtu mmoja ni tofauti ndogo. Kwa bonde zima ni jambo zito, maana lehemu ikizidi huziba mishipa ya moyo. Hata hivyo wataalamu hawakushangilia. Kipimo kilichofanywa mara moja hakisemi kipi kilitangulia. Huenda mwili wenye mafuta mengi ndio unaoishika C8 zaidi. Huenda pia kitu cha tatu kisichojulikana kinavipandisha vyote viwili kwa pamoja.

Njia ya kuondoa shaka ilikuwa kurudi kwa watu wale wale baada ya maji kuanza kuchujwa. Mitambo ya mkaa ya Lubeck na Little Hocking ilianza kazi mwaka 2007. Watu 200 walipimwa tena na tena, ikaonekana kwamba katika mwaka wa kwanza C8 katika damu yao ilipungua kwa asilimia 26, na kwamba mwili huchukua wastani wa miaka 2.3 kuondoa nusu ya iliyomo. Kisha watu 560 wasiokuwa wakimeza dawa za kupunguza lehemu walipimwa mara ya pili mwaka 2010. Hao waliopungukiwa C8 kwa nusu, lehemu yao ile mbaya ilishuka kwa asilimia 3.6. Kemikali iliposhuka, mafuta nayo yakashuka. Ushahidi wa namna hiyo haupatikani kwa mtafiti anayefika kijijini mara moja akaondoka. Ulipatikana kwa sababu watu walikuwa na imani na kazi hiyo kiasi cha kunyosha mkono tena, na kwa sababu fedha hazikuwa zimekwisha.

Kwa upande wa kisukari cha ukubwani, jibu lilitolewa Aprili 2012, nalo lilikuwa hapana. Jopo halikuona uhusiano unaoelekea kuwapo. Hali kadhalika kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo na kwa shinikizo la damu la kawaida. Mtu wa Little Hocking aliyekuwa na kisukari, aliyekunywa maji hayo tangu utotoni, na ambaye alijitokeza mwaka 2005 na kutoa damu yake kama wenzake, alifungiwa mlango siku hiyo. Jibu hilo halikumfurahisha, na hakuna namna ya kulipamba. Lakini jopo lililojibu ndiyo kwa magonjwa sita na hapana kwa mengine lilikuwa vigumu kushutumiwa kwamba lilitumwa na mtu. Hapana ya kisukari ndiyo iliyoipa uzito ndiyo ya saratani ya figo. Mwaka 2017, DuPont na Chemours, kampuni iliyorithi kiwanda hicho mwaka 2015, zilikubali kulipa kiasi cha dola milioni 671 kumaliza kesi zipatazo 3,550 za watu waliougua magonjwa yale sita.

Kazi ya bonde hilo haikuishia hapo. Mwaka 2022 jopo la Akademia za Taifa za Marekani lilipotazama ushahidi wote kuhusu jamii nzima ya kemikali za aina hii, lilisema kwamba upo ushahidi wa kutosha wa uhusiano wake na mvurugiko wa mafuta ya damu kwa watu wazima na watoto. Mwaka 2024 serikali ya Marekani iliweka kiwango cha juu cha PFOA katika maji ya kunywa kuwa sehemu 4 katika sehemu trilioni moja. Kabla ya hapo, mwaka 2019, kemikali hiyo ilikwisha kuingizwa katika orodha ya Mkataba wa Stockholm unaokomesha kemikali zisizooza, mkataba ambao Kenya na Tanzania ni miongoni mwa nchi wanachama.

Hata hivyo, njia ya bonde la Ohio haiwezi kuwa njia ya kila mtu. Ilihitaji kiwanda kimoja kinachojulikana, kampuni tajiri ya kushitakiwa, wakili asiyechoka, na mfugaji aliyekataa kunyamaza. Kemikali nyingi zinazodhaniwa kuvuruga sukari na mafuta mwilini hazina bonde lake. Zimo katika mabomba ya plastiki, katika rangi, katika vifungashio, kidogo hapa na kidogo pale, na hakuna mlango mmoja wa kugonga. Utafiti wake hauna mlipaji isipokuwa umma. Mwaka 2019 serikali ya Marekani ilitoa dola milioni 7 kuanzisha uchunguzi wa kemikali jamaa za C8 katika majimbo kadhaa, fedha ambazo, zikilinganishwa na zile 70 za bonde moja, ni kama chumvi ya kuonjea.

Jumuiya ya Ulaya nayo katika mwaka huo huo wa 2019 ilianza kugharimia miradi minane kwa jumla ya Yuro milioni 50 hivi. Mitatu kati yake, iliyopewa majina ya GOLIATH, OBERON na EDCMET, ilihusu maradhi ya umetaboli peke yake. Madhumuni yake hayakuwa kuwapima wagonjwa, bali kutengeneza vipimo vya maabara vya kuonyesha kama kemikali yaweza kuvuruga ini, kongosho au chembe za mafuta. Miradi hiyo ilipoanza, vipimo vya namna hiyo havikuwamo katika orodha ya vile ambavyo mtengenezaji hutakiwa kuvifanya kabla ya kuuza. Kipimo kikishabuniwa, sharti kijaribiwe katika maabara nyingine, kilete jibu lile lile, kisha kikubaliwe na mataifa. Kazi hiyo ni ya miaka, na hulipiwa kwa kodi za watu ambao wengi wao hawatasikia habari zake. Vipimo hivyo vikikubaliwa, swali la sukari na mafuta litaulizwa kabla pipa la kwanza halijatoka kiwandani. Kwa C8 liliulizwa mwaka wa 54, katika foleni ya watu 69,030 waliokunja mikono ya mashati.